Kinu bado hakijawashwa, moto ushawaka

Tangu habari ya kinu cha nyuklia cha Uyombo kule Kilifi ianze kuvuma nimesikia maswali ya kila aina. Mionzi itatuua? Samaki wa Mida Creek watakwisha? Ardhi ya wazee italipwa ngapi? Maswali ya haki kabisa, na wale walioandamana Mei 2024 wakakutana na polisi walikuwa na sababu zao. Baadaye mazungumzo yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na huko nako ni yale yale, mionzi, ziwa, ardhi. Lakini kuna swali moja mimi sijalisikia barazani wala kwenye redio, na ni dogo mpaka mtu anaona haya kulitaja: hiyo miaka yote ya kujenga, kabla hata fueli haijaletwa, nani atakuwa anaangalia cheche za fundi wa kuchomelea?

Mpango uliotangazwa ulikuwa kinu cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Tuseme mambo yaende sawasawa (na miradi ya nyuklia haiendi sawasawa, waulize Wafini, Olkiluoto 3 walianza kuijenga 2005 ikaingia kwenye gridi 2022). Hiyo ni miaka saba au kumi au kumi na saba ya mbao, maturubai, mitungi ya gesi, madumu ya thina, nyaya za muda zinazoning'inia na maelfu ya watu wanaotaka kumaliza kazi waende nyumbani. Mtu ataniambia, ah, fueli haipo, mionzi haipo, kikiungua si jengo tu kama majengo mengine. Nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo mpaka nikasoma habari ya Browns Ferry.

Browns Ferry ni Alabama, Marekani, kando ya mto Tennessee, mali ya TVA ambalo ni shirika la umma. Machi 1975 kinu cha 1 na cha 2 vilikuwa vinafanya kazi, vikitoa pamoja kama megawati 2,200, na cha 3 kilikuwa bado kinajengwa ubavuni mwao. Sasa jengo la kinu linatakiwa hewa iwe inaingia ndani, isitoke nje, ili kukitokea shida mionzi isitoroke, kwa hiyo ndani presha inawekwa chini kidogo kuliko nje na kila tundu ukutani lazima lizibwe. Na matundu ni mengi ajabu kwa sababu nyaya zote zinatoka chumba kimoja kilicho chini ya chumba cha kuongozea mitambo, zinatoboa ukuta, zinaingia kwenye jengo la kinu. Walikuwa wanaziba na nini? Sponji. Polyurethane, ndugu yake na godoro unalolalia. Na wakishaziba wanajuaje kama hewa haipiti? Wanasogeza mshumaa. Mwali ukisimama wima, tundu limezibika, mwali ukilala, hewa inapita, ongeza sponji.

Ndiyo, mshumaa. Na usidhani ni akili ya fundi mmoja aliyeamka vibaya, hapana, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kazi, watu wanaijua, wakubwa wanaijua. Siku mbili kabla yake sponji ilishashika moto kwa mtindo huo huo, wakauzima, ukaandikwa kwenye daftari la zamu, kesho yake kazi ikaendelea. Hapo mimi husimama kila nikisoma hii habari. Moto uliandikwa! Kuna mtu alishika kalamu akaandika, na kuna mtu mwingine, nadhani, alisoma akageuza ukurasa.

Jumamosi ya tarehe 22, saa sita na dakika 20 mchana, mshumaa ukasogezwa kwenye tundu la kama sentimita 5 kwa 10, hewa ikauvuta mwali ukaingia tunduni wote kama unanyonywa na mrija, sponji ikashika. Jamaa akajaribu kuupigapiga kwa tochi, akajaribu matambara, wakaleta mtungi wa gesi ya kuzimia moto, gesi ikapita moja kwa moja hadi upande wa pili na moto nao ukawa ushavuka ukuta, unaogelea kwenye trei za nyaya juu huko ambako mtu hafiki bila ngazi. Robo saa nzima ikapita kabla taarifa haijafika kunakohusika, na hata simu yenyewe palikuwa na mkanganyiko ni namba gani inapigwa.

Na chumba kile kilikuwa na mfumo wake wa kuzima moto, tena wa kisasa, unamwaga kaboni dayoksaidi chumba kizima. Umeme wake ulikuwa umekatwa. Kwa nini? Kwa sababu nzuri tu, mafundi walikuwa humo ndani na gesi ile ikifunguka inaua mtu. Haya, si kuna sehemu ya kuuwasha kwa mkono? Ipo, ila ilikuwa imefunikwa kibati, kimefungwa kabisa, tangu wakati wa ujenzi, ili mtu wa saiti asije akaibonyeza kwa bahati mbaya.

Angalia hapo, kila uamuzi ukiuchukua peke yake una akili. Kuziba matundu ni usalama. Kukata umeme wa ile gesi ni usalama. Kibati ni usalama. Na zote kwa pamoja zimekupa moto uliowaka kwa muda wa saa kama saba, nyaya zaidi ya 1,600 zikaungua, pampu za dharura za kinu cha 1 zikawa hazifuati amri, taa kwenye meza ya kuongozea zinawaka na kuzima ovyo, na maji yanayofunika fueli yakashuka kutoka kama mita 5 juu yake hadi kama mita 1.2. Waliokiokoa ni waendeshaji waliotafuta maji kwenye pampu ambazo wala hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Hakuna mionzi iliyotoka ya kudhuru watu, hakuna aliyekufa, lakini vinu viwili vilikaa kimya kama mwaka na nusu, kwa sababu ya mshumaa.

Kwa hiyo tunaposema "moto wakati wa ujenzi" tusifikirie kiwanja kitupu chenye mbao na mchanga. Hatari kubwa iko pale ambapo jengo limekwisha nusu, mifumo ya kuzima moto imefungwa ukutani lakini bado haijaunganishwa au imezimwa kwa ajili ya mafundi, milango ya kuzuia moto imeegemezwa tofali isifunge kwa sababu kuna waya unapita, matundu hayajazibwa na moshi unatembea ghorofa hadi ghorofa. Kila anayepita anaona mabomba mekundu darini anasema hapa pako salama. Mabomba yapo kweli, maji ndiyo hayamo.

Halafu kuna nyaya. Watu wanaogopa kinu chenyewe, lile dude la chuma, lakini chuma hakiungui kirahisi na zege haliungui. Kinachoungua ni mishipa. Kinu kimoja kina mamia kwa mamia ya kilomita za kebo, pengine maelfu, na ganda lake ni plastiki, na plastiki ni mafuta yaliyogandishwa tu bana. Kuna mtu mmoja alilijua hili vizuri sana na hakuwa mtu wa faya. Rodney Wilkinson alikuwa akifanya kazi kwenye saiti ya Koeberg karibu na Cape Town, na Desemba 1982, wakati kinu bado hakijatiwa fueli, aliingiza mabomu manne ya kubandika kwa niaba ya Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC. Mawili yalienda kwenye vichwa vya vinu, hiyo kila mtu angefikiria. Mengine yalienda pale nyaya zinapokusanyika chini ya vyumba vya kuongozea. Hakuna aliyekufa, na kazi ikarudi nyuma kama mwaka na nusu. Siingii kwenye siasa za siku zile, zinajulikana na mimi niko upande gani nadhani unajua, nachosema ni kwamba aliyetaka kuchelewesha kinu alienda kwenye nyaya, na mwenye kutaka kukilinda akaanzie hapo hapo.

Tena si lazima mtu awe na sababu ya siasa. Indian Point, ile iliyokuwa kaskazini mwa New York, kinu chake cha 2 kilipata moto wa makusudi Novemba 1971 kikiwa bado hakijaanza kazi, hasara ya mamilioni ya dola, na aliyeuwasha alikuwa mfanyakazi wa pale pale. Saiti ya nyuklia ina uzio, ina geti, ina beji shingoni, lakini anayeingia na beji ndiye mwenye kiberiti.

Baada ya Browns Ferry Wamarekani walitunga kanuni mpya zikaanza kutumika 1981. Ukizisoma kwa lugha ya kawaida zinasema hivi, kama una njia mbili za kukizima kinu salama usizipitishe sehemu moja, weka kati yao ukuta unaostahimili moto saa 3, au zitenganishe mita 6 pasiwe na kitu cha kuungua katikati na uweke vitambuzi na mfumo wa kuzima wenyewe, au funika njia moja kwa kinga ya saa 1 pamoja na hivyo vitambuzi na mfumo. Nzuri sana. Wengi wakakimbilia kuzifunga nyaya kwa kitu kinaitwa Thermo-Lag, kinapakwa au kinafungwa kama bandeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikapimwa upya, kumbe hakifikii kile kilichoahidiwa. Vinu vingi vilikuwa vishafungwa bandeji hiyo. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wakisikia "imethibitishwa" wanalala usingizi.

Lakini kanuni ya ukuta wa saa 3 ni ya jengo lililokwisha. Kabla ukuta haujajengwa unalindwa na nini? Unalindwa na karatasi moja na mtu mmoja. Karatasi ni kibali cha kazi ya moto, hakuna kuchomelea wala kukata na grainda bila kibali cha leo, cha mahali hapa, kwa kazi hii. Mtu ni mlinzi wa moto, anasimama na mtungi wake, hafanyi kitu kingine, hapokei simu, hamshikii fundi ngazi. Taratibu za NFPA, chama cha kuweka viwango vya kinga ya moto kule Marekani, zinataka vinavyoweza kuungua viondolewe au vifunikwe umbali wa mita 11 kuzunguka kazi, na huyo mlinzi abaki baada ya kazi kwisha. Zamani walisema nusu saa, toleo la 2019 likasema saa nzima.

Saa nzima, kwa nini? Nitakupa ya kwangu. Miaka ya nyuma nilikuwa msimamizi mdogo kwenye ghorofa moja hapa Mombasa, kampuni siitaji, fundi alikuwa anachomelea grili za balkoni ghorofa ya tatu, cheche zinadondoka chini kwenye kona iliyojaa mifuko mitupu ya simenti na vipande vya yale maboksi meupe ya kufungia vitu visivunjike. Akamaliza, akavua miwani, tukaenda kula. Tumekaa kwa mama wa mahamri, chai ya pili imeshamiminwa, kijana mmoja anauliza ule moshi ni wa jikoni au? Ilikuwa imepita kama dakika 40. Cheche ilikaa ndani ya karatasi inajipikia polepole tu. Tulizima kwa ndoo za maji ya kuchanganyia zege, Mungu mkubwa, na mtungi wa kuzimia moto tuliokuwa nao sindano yake ilikuwa imelala kwenye nyekundu, yaani hauna kitu. Alikuwepo mlinzi wa moto? Alikuwepo, kwa jina. Alikuwa ndiye huyo huyo anayempa fundi vijiti vya kuchomelea, na kengele ya chakula ilipolia alitangulia yeye.

Hapo ndipo mimi ninapoiona shida yenyewe. Mlinzi wa moto ndiye mtu wa mshahara mdogo kuliko wote saiti na tunamwachia kazi ya kusimamisha injinia. Wallahi, nani atamsikiliza? Injinia amekuja na ndege, ana tarehe ya kumwaga zege, kontrakta analipwa kwa hatua, kila siku ikichelewa kuna faini, halafu kijana wa Uyombo aliyeajiriwa juzi aseme "simama, kuna sponji hapo"? Pale Alabama walikuwepo wanaojua kuwa mshumaa na sponji havikai pamoja. Kujua walijua, ila hapakuwa na mtu ambaye neno lake lingetosha kuusimamisha ule mshumaa siku mbili kabla.

Na akisema, atasema kwa lugha gani? Vinu vya sasa vinajengwa na wageni. Cha El Dabaa kule Misri ni cha Warusi, Rooppur ya Bangladesh ni Warusi, Barakah ya Abu Dhabi ilijengwa na Wakorea na vibarua wa mataifa chungu nzima, na wengi wetu tuna ndugu aliyefanya kazi saiti za Ghuba, anajua ilivyo, maelekezo yanatoka juu kwa Kiingereza, yanapita kwa msimamizi Mhindi, yanafika kwa Mpakistani na Mganda yakiwa yamebaki ishara za mikono. Kwa kazi ya kubeba tofali ishara zinatosha. Kwa "usiwashe mpaka ule mfumo wa gesi ya kuzima moto wa chumba cha pili urudishiwe umeme" hazitoshi. Mimi ningetaka kibali cha kazi ya moto cha kinu cha Kenya kiandikwe Kiswahili kwanza, si tafsiri iliyobandikwa nyuma ya mlango, kiandikwe Kiswahili na kisomwe kwa sauti mbele ya fundi kabla hajawasha, na kama fundi ni wa Siaya na Kijaluo ndicho kinachomkaa akisomewe Kijaluo.

Kuna jambo lingine ambalo linanipa wasiwasi kuliko yote na halizungumzwi kabisa, ni ile hali ya kinu kimoja kufanya kazi huku jirani yake kinajengwa. Ndivyo ilivyokuwa Browns Ferry. Ile kazi ya mshumaa ilikuwa sehemu ya matayarisho ya kukiunganisha kinu cha 3. Barakah kinu cha kwanza kiliingia kwenye gridi Agosti 2020 na cha nne Machi 2024, miaka mitatu na nusu ya watu wa umeme na watu wa saiti kuishi pamoja. El Dabaa vinne vinafuatana, cha kwanza kilianza kujengwa Julai 2022 na cha nne Januari 2024, watafika huko huko. Kiuchumi ina maana, kile kilichokwisha kianze kulipa deni. Lakini ni tabia mbili tofauti kabisa za kazi zinakutana kwenye ukuta mmoja. Mtu wa uendeshaji anaogopa kugusa kitu, mtu wa ujenzi analipwa kwa kugusa. Kenya wameanza na megawati 1,000 na nasikia watu wanasema tukishapata cha kwanza tuongeze hapo hapo. Sawa, ila siku hiyo ukuta wa katikati usiachiwe mkandarasi, ufunguo na kibali vikae kwa wa kinu kinachofanya kazi na yeye ndiye atie sahihi kila cheche.

Mamlaka ya kudhibiti nyuklia tunayo, KNRA, ipo kwa sheria ya 2019, na sitaki kuwasema kabla kazi haijaanza. Ningewaomba tu wasisubiri fueli. Mkaguzi afike siku ya kwanza mbao zinashushwa, aulize mapipa ya rangi na thina yanakaa wapi, tanki la maji ya moto la muda lina lita ngapi leo asubuhi, maturubai ni ya aina isiyoshika moto au ni yale ya sokoni.

Na awaulize kaunti. Maana kwa katiba yetu ya 2010 zimamoto ni kazi ya kaunti, na kinu kitakuwa cha serikali kuu. Alabama walikuwa na mambo hayo hayo, shirika kubwa la umma na faya ya mji mdogo wa Athens. Faya wa Athens walifika mapema mchana, mkuu wao akaangalia akasema huu si moto wa gesi na poda, mwageni maji. Wenye kinu wakakataa, wakiogopa shoti na kuharibu vilivyobaki, na hofu yao si ya kipuuzi. Ikabishaniwa hivyo mpaka jioni, na maji yaliporuhusiwa moto ulizimika haraka tu, ikawa saa moja na dakika 45 usiku. Kabla ya hapo walijaribu kuazima mdomo wa mpira wa maji wa wale faya wa mjini, wakaukaza kwenye mpira wa kinu, ukawa haushiki, meno yake yalikuwa ya saizi nyingine.

Kwa hiyo mimi nikipewa dakika moja na mkubwa yeyote wa huu mradi, Kilifi au Siaya, sitamuuliza habari ya mionzi. Nitamuomba twende na gari la zimamoto la kaunti mpaka getini, tutoe mpira wao, tuufunge kwenye bomba lake, tufungue maji tuone.